Sukari ya Pamfil, Paka wa Ngazi B

Bi Veturia Pârlog alifanya kazi stesheni ya Brăila kwa miaka thelathini na minne, akiongoza safari za treni, na muda wote huo alikuwa na imani moja: hakuna treni inayochelewa bila mtu. Mvua haicheleweshi treni, wala theluji. Anayeichelewesha ni mtu aliyejua kwamba theluji itaanguka, akaenda kunywa kahawa. Alipostaafu alirudi na imani hiyo nyumbani, ghorofa ya tatu ya jengo letu, ngazi B. Kwa kuwa nyumbani hakukuwa na treni, ikamwangukia paka.

Pamfil alikuwa dume lililohasiwa, rangi ya kutu, miaka kumi na mitatu, kilo saba na nusu. Kila asubuhi alishuka ngazi taratibu, akakaa kwenye benchi la mlangoni mpaka achoke kututazama, kisha akapanda. Mwezi wa pili akaanza kunywa maji kama ng'ombe. Alikula chakula cha paka wawili na bado uti wa mgongo ukajitokeza. Bi Veturia akamtia kikapuni, akampeleka kwa Daktari Horia, kijana mwenye ndevu ambaye humuomba mnyama radhi kabla ya kumchoma.

"Ana kisukari," daktari akasema.

"Kama watu?"

"Kama watu, Bi. Tofauti ni kwamba huyu hatakudanganya kuwa hakula keki."

Hapo daktari alikosea, lakini hatukuwa tumejua.

Masharti yalikuwa haya: kipimo kimoja cha insulini saa moja asubuhi na kimoja saa moja jioni, baada ya kula, si kabla. Chakula cha kopo, nyama tupu. Vile vipande vikavu vya dukani basi, mkate basi, maziwa basi. Apungue polepole, maana paka mnene akishindishwa njaa ghafla ini lake huharibika. Tone la damu litolewe ukingoni mwa sikio na kupimwa kwa mashine ndogo. "Na sukari ikishuka kwa ghafla," daktari akaongeza, "nipigie simu kabla ya sindano. Hata kama ni sikukuu."

Bi Veturia aliandika kila neno. Majirani wa ghorofa ya tatu walishuhudia kwamba siku hiyo alipanda ngazi akiimba. Alikuwa na ratiba tena.

Tatizo lilikuwa kulisema. Katika ngazi B, nusu ya waliopita miaka sitini wana kisukari. Bwana Sterian wa ghorofa ya pili ameshapoteza vidole viwili vya mguu. Mbele ya watu kama hao huwezi kusema unamdunga paka sindano mara mbili kwa siku, huku wao wanapanga foleni zahanati tangu alfajiri. Kwa hiyo Bi Veturia aligonga kila mlango akasema tu, "Jirani, nakuomba, Pamfil usimlishe kitu. Tumbo limemkataa." Nyumbani kwake akafagia kabati: sukari, asali, jemu, biskuti, vyote vikaenda kwa shemeji yake. Alisema nyumba moja haiwezi kuwa na sheria mbili.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda. Sukari ya Pamfil ilikuwa mia nne. Ikashuka mia tatu, ikafika mia mbili na kumi. Katikati ya mwezi wa tatu ikaruka, ikarudi mia tatu na themanini, na ikakataa kushuka.

Wiki hiyo hiyo alifariki Mzee Haralambie wa ghorofa ya chini, aliyekuwa msimamizi wa jengo kwa miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyesoma mita za maji. Alizisoma kwa tochi, na baada ya kuzisoma alimtazama mwenye nyumba kana kwamba amemkuta na maiti. Aligombana na kila mmoja wetu, kwa zamu na kwa haki. Na Bi Veturia hakuwa akisalimiana naye kwa mwaka wa tisa, kisa koki ya bomba la kupashia nyumba joto. Kiumbe pekee aliyekaa naye benchini bila kushtakiwa alikuwa Pamfil. Tulimzika, tukasema mema machache tuliyoweza kuyathibitisha, na mjane wake, Bi Safta, akabaki peke yake.

Bi Veturia hakuwa na nafasi ya kuomboleza sana. Alikuwa anamtafuta mtu aliyechelewesha treni.

Kwanza alishuku mashine, akanunua nyingine. Zilipatana. Akashuku friji kuwa imegandisha dawa, akaweka kipimajoto kando ya siagi na kuamka mara mbili kwa usiku kukisoma. Akashuku makopo, akaandika barua kiwandani. Akashuku mkono wake mwenyewe, akajifunza kudunga upya kwa kutumia chungwa. Mchana alizunguka kutoka dirishani hadi jikoni hadi dirishani. Aliyekaa chini yake alisema ni kama kuishi chini ya saa. Mwisho alimshuku daktari.

"Anakula kitu kingine huko nje?" Daktari Horia akamuuliza kwenye simu.

"Hali. Nimewaambia wote."

"Una hakika, Bi?"

"Kijana wangu, mimi nimeongoza treni arobaini kwa zamu moja. Nitashindwa na paka mmoja?"

"Treni zina reli," daktari akasema. Lakini namba zilikuwa namba. Akapandisha dawa ikawa vipimo viwili. Baada ya siku kumi, vitatu. Baadaye, bila furaha, vinne.

Arobaini ya Mzee Haralambie ilifika Jumamosi, mwezi wa nne. Bi Safta aligawa bakuli za ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, kila moja na mshumaa wake, na sisi tuliogombana na marehemu tukapokea kwa mikono miwili na kusema, "Mungu amsamehe," kama inavyopasa. Bi Veturia alipokea ya kwake. Jumapili jioni alipima sikio la Pamfil: mia moja na ishirini. Akapima tena. Mia moja na kumi na nane.

Treni ikichelewa, Bi Veturia angeuliza mpaka wizarani. Ikifika kwa wakati, nani huuliza? Ilikuwa Jumapili, hakutaka kumsumbua daktari, na moyoni alihisi ameshinda. Akadunga vipimo vinne. Jumatatu asubuhi hakupima kabisa. Alitaka kuionja furaha yake kabla haijapoa. Pamfil akala nusu ya kopo. Vinne tena.

Saa tano asubuhi paka alitoka chini ya meza akitembea kama baharia aliyelewa. Akagonga mguu wa kiti, akasimama kukitazama bila kukiona, akaanguka ubavu. Mguu wa nyuma ukaanza kurukaruka wenyewe. Mashine ikasema thelathini na nane.

Daktari alipokea simu mlio wa kwanza. "Asali, au maji ya sukari, mpake kwenye ufizi kwa kidole. Usimmiminie, atapaliwa. Akiinua kichwa, mlete. Upesi."

Bi Veturia akafungua kabati alilokuwa amelifagia mwenyewe.

Wa ghorofa ya tatu walikuwa wametoka. Wa pili, Bwana Sterian, yuko zahanati. Alishuka akigonga milango, mpaka ukafunguka wa chini kabisa.

"Chochote kitamu," akasema. "Haraka."

"Kuna nini tena?" Bi Safta alikuwa na unga mikononi.

"Pamfil anakufa."

Bi Safta hakuuliza la pili. Alichukua chupa ya jemu ya waridi akapanda ghorofa tatu kwa magoti ambayo, kwa maelezo yake ya kila siku, hayawezi kupanda kitanda. Wakapiga magoti jikoni. Bi Veturia alichovya kidole kwenye sharubati ya jemu akapaka ufizi, akachovya, akapaka. Mguu wa paka uliendelea kuruka. Dakika ya sita mguu ukatulia, na wote wawili wakaogopa zaidi. Dakika ya tisa Pamfil alitoa ulimi akalamba pua. Mashine: sitini na moja.

Bi Safta akakaa sakafuni kwa uzito wake wote. "Ni njaa," akasema. "Nilijua tu. Jana na leo sikumpa."

Kidole cha Bi Veturia kikasimama juu ya chupa. "Hukumpa nini?"

"Wali wa maziwa. Ule wa Haralambie."

"Ulimpa mara ngapi?"

"Siku arobaini. Sahani moja kila asubuhi kwa ajili ya roho yake, kama desturi. Ulidhani nitagawa mara mbili niache, kama watu wa ghorofa ya nne?"

"Safta. Nilikuja mlangoni kwako. Nilikuambia usimlishe."

"Na sikumlisha. Ile ilikuwa ya marehemu. Pamfil alikuwa anapokea tu."

"Angepokea mtu."

"Mtu gani? Haya, nitajie. Sahani humpa yule ambaye marehemu alimpenda, au angalau aliyempenda marehemu. Nitajie mmoja wa ngazi hii ambaye Haralambie hakumkosea."

Bi Veturia alijitahidi kwa moyo safi. "Yule mpangaji mpya, wa juu."

"Alimfungia maji mwezi wa nane."

Paka akainua kichwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wao ndio walioanguka.

"Ana kisukari," Bi Veturia akasema hatimaye. "Tangu mwezi wa pili. Namdunga. Kadiri ulivyompa, ndivyo nilivyompandishia dawa. Wewe umeacha, mimi nikaendelea."

"Kisukari, na wewe unatuambia tumbo?"

"Ningesemaje? Mbele ya Sterian?"

"Sterian angekuja kukufundisha kudunga. Miaka mitatu sasa anatafuta mtu wa kumweleza habari za sindano." Bi Safta akafuta unga kwenye aproni. "Inuka. Mimi nashika kikapu."

Daktari Horia alimlaza Pamfil mpaka jioni kwenye dripu. Alisikiliza habari yote ya sahani akiwa ameshika ndevu. "Nilikuuliza," akamwambia Bi Veturia.

"Uliniuliza anakula nini. Hukuniuliza anakula kwa niaba ya nani."

Daktari akaandika: kipimo kimoja, mara mbili. Na simu, hata kama ni sikukuu, akaipigia mstari.

Wataalamu wanasema paka haonji utamu. Ulimi wake haukuumbiwa sukari. Pamfil alikuwa akifuata mafuta ya maziwa, na utamu wote ulimwendea Mzee Haralambie. Kama ningemwambia Bi Safta hivyo ingemtuliza, maana wiki hiyo alikuwa hapati usingizi. Kama sahani zilimdhuru paka, je, zilihesabiwa? Mumewe amekula siku arobaini, au amewekewa deni? Alikwenda kwa kasisi, naye akafikiri muda mrefu kuliko kawaida yake akasema sadaka imefika, ila mnyama asipewe tena. Bi Safta alirudi ametulia robo tu.

Jumatano akapanda na sahani iliyofunikwa. Bi Veturia alimfungulia nusu mlango.

"Ni kuku," Bi Safta akasema. "Kidari, kimechemshwa. Nimekipima kwenye mizani kama ulivyotaja, gramu arobaini. Hakina chumvi. Na si ya marehemu. Ya kwake mwenyewe."

"Kasisi amesema asipewe."

"Kasisi amesema sadaka. Hii ni chakula. Au umesahau tofauti?"

Bi Veturia akakipima upya. Gramu arobaini na moja. Akaondoa uzi mmoja wa nyama, akaula mwenyewe, akafungua mlango wote.

Kuanzia hapo walidunga pamoja. Mmoja alishika ngozi ya shingo, mwingine sindano, huku Bi Safta akimweleza Pamfil habari za jengo ili asisikie. Bwana Sterian alipojulishwa alikuja na viatu vyake vikubwa, akakaa, akatoa mafunzo ya saa nzima ambayo hakuna aliyeyahitaji, akaondoka amepona nusu. Mwezi wa sita Pamfil alikuwa kilo sita na robo na sukari mia moja na arobaini. Mwezi wa saba, nusu kipimo. Mwezi wa nane daktari alisema paka wengine hufika hapo, kongosho likaamka likashika kazi yake. Basi aache sindano, ampime mara moja kwa wiki, maana ugonjwa unaweza kurudi.

"Mara moja kwa wiki," Bi Veturia akarudia. "Na saa moja nifanye nini?"

Daktari hakuwa na dawa ya hiyo. Bi Veturia akampima mara mbili kwa siku. Sikio la Pamfil lilifanana na chujio.

Mwezi wa tisa ikafika miezi sita ya Mzee Haralambie. Adhuhuri Bi Safta alipanda ngazi, polepole safari hii, akiwa na sahani ya wali wa maziwa iliyonyunyiziwa mdalasini na mshumaa umechomekwa kando. Pamfil akainuka kutoka dirishani. Bi Veturia akasimama katikati yao.

"Si yake," Bi Safta akasema. "Shika wewe."

"Mimi? Sisi tulikuwa hatusalimiani."

"Najua. Kila jioni alikuwa akinieleza."

"Basi mpe Sterian."

"Sterian ana kisukari, Veturia. Watu wote mnaugua, mimi nimpe nani?"

Sahani ya marehemu haikataliwi. Bi Veturia aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mungu amsamehe," na kwa mara ya kwanza ilionekana ametaja mtu fulani. Akaanza kula hapo hapo mlangoni, amesimama, kijiko baada ya kijiko, jicho moja kwenye saa ya ukutani na mguu mmoja ukimzuia paka.

"Kitamu mno," akasema.

"Ndivyo alivyotaka."

"Kwa utamu huu angekuwa na kisukari tangu miaka ishirini iliyopita."

"Alikuwa nacho," Bi Safta akasema. "Hakutaka mjue."

Bi Veturia akaacha kutafuna. Kisha akamaliza sahani.