Sura za Mwisho za Kitabu cha Mafuriko

Nilipokuwa darasa la sita Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini, shule yetu ilikuwa na nakala nne tu za kitabu kimoja cha hadithi, nasi tulizidi hamsini. Kilikuwa cha Kiingereza. Kilisimulia habari za mji wa ng'ambo ambao, zamani kabla babu zetu hawajazaliwa, ulifagiliwa na maji baada ya ukuta uliozuia bahari kubomoka. Kila Ijumaa mwalimu wetu, mama mpole mwenye sauti nzito, alitusomea sura moja kisha akaandika maswali ya ufahamu ubaoni.

Kwenye dawati langu nilikaa na msichana wa Kimaasai aliyetembea kila asubuhi kutoka mbugani, upande wa Isinya. Sisi tulikuwa Wakamba. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River. Mimi nilimsaidia kwa Kiingereza, yeye akinisaidia kuelewa hadithi. Wakati huo sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

"Maji mengi hivyo, na watu wanayakimbia?" aliniuliza siku ya kwanza, akicheka. Kwao walichota maji kwa punda.

Ijumaa moja tulisoma jinsi msichana wa hadithi, akiwa ameshapanda juu ya paa, alivyoshuka tena majini kumfungua ng'ombe wao. Mwalimu akauliza kwa nini alishuka. Nilinyoosha mkono haraka.

"Alikuwa amesahau kumfungua."

"Vizuri," mwalimu akasema, akaniwekea alama daftarini.

Mwenzangu naye akanyoosha mkono. Akaanza kwa Kiingereza, maneno yakamkwama, darasa likacheka.

"Nyamazeni. Sema kwa Kiswahili, mama."

"Mwalimu, hakusahau. Alikuwa anajua ng'ombe amefungwa. Aliogopa, ndio akapanda kwanza. Halafu akaona aibu, akarudi."

Mwalimu alifungua ukurasa uliotangulia, akausoma kimya kimya. Kisha akasema, "Hata mimi sikuwa nimeona hiyo," na akaja kunifutia alama yangu.

Nilinuna mapumziko yote. Baadaye niliusoma ule ukurasa mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa wazi: msichana alipita mlangoni pa zizi, ng'ombe akamtazama, naye akaendelea kukimbia. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara mbili.

Mwaka uliofuata, kitabu kikiwa bado hakijaisha, mvua haikuja. Nyasi ziliisha, mizoga ikaanza kuonekana kando ya barabara. Mwenzangu alinieleza tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha darasa kwamba baba yake ameamua kupeleka mifugo Illasit, karibu na mlima, na kwamba wanahama wote.

"Tutarudi mvua ikinyesha."

"Na kitabu? Bado sura nne."

"Wewe soma. Utaniambia."

Sikutaka kumwambia kwa kifupi. Nilimwomba mwalimu kitabu, nikanakili sura zote nne kwa mkono, Jumamosi na Jumapili, wiki tatu. Mama alikuwa akipita na karai la nguo akaniuliza, "Barua ndefu hivyo ni ya nani?" Mwishoni niliandika swali langu mwenyewe, kama mwalimu: wale waliorudi kujenga mji wao palepale, walikuwa wajinga? Nikampa daftari mjomba wake, aliyekuwa akiwafuata na ng'ombe waliobaki.

Mvua ilinyesha. Baba yake alirudi na ng'ombe wachache mno, lakini binti alikuwa ameachwa Illasit kwa shangazi, asome huko. Mjomba aliniletea daftari. Chini ya swali langu mwenzangu alikuwa ameandika, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: si wajinga, walikuwa wamezika watu wao hapo. Kisha akaniuliza mimi: wewe ungerudi?

Nilijibu ukurasa mzima, nikamrudishia mjomba daftari. Sikuwahi kujua kama jibu lilifika, maana baba alipata kazi nyingine tukahamia Gataka, kule Rongai, na mjomba sikumwona tena.

Nilifika Illasit nikiwa na miaka ishirini, nimetumwa na kanisa letu kufundisha watoto likizo ya Agosti. Niliuliza uliza sokoni mpaka nikaonyeshwa shamba la shangazi, mama mrefu aliyekuwa akichuma nyanya.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia kama mama yangu, kwa Kimaa changu kibovu.

"Iko," akaitikia, akanitazama. "Wewe ni yule wa daftari?"

Aliniambia mwenzangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mbali na barabara. Ana mtoto. Simu haishiki huko. Akaingia ndani, akaniletea chai na picha ya darasa la nane. Ilibidi anionyeshe ni yupi. Alikuwa amerefuka, amefunga mdomo kama mtu aliyekatazwa kucheka.

"Naweza kukaa nayo kidogo, yeyo? Mpaka gari la Emali lije."

"Kaa nayo," alisema, akarudi kwenye nyanya zake.