Kadi Namba Thelathini na Saba

Mwaka wa Kombe la Dunia la tisini na nne, Wayua alikuwa akipakia chingamu katika godauni moja Kawangware. Kila pakiti aliitia kadi moja. Kadi za wachezaji ndizo zilizojaa, za bendera zilikuwa chache, na zile za kumetameta zilitoka mara mojamoja. Aliyetimiza namba zote sitini aliahidiwa baiskeli.

Huko mtaani Laini Saba, alikoishi na bintiye Wanza, watu walishikwa na homa ya kadi hizo. Jirani yake Jeconia, fundi viatu mwenye mguu uliokauka kwa polio, alizipanga ndani ya boksi la viatu. Fundi mmoja wa jua kali alikuwa ameshamwahidi kuigeuza baiskeli hiyo aiendeshe kwa mikono. Kufikia Agosti alikuwa na hamsini na tisa.

"Mama Wanza, imebaki namba thelathini na saba tu," alimwambia. "Wewe ndiye unazishika. Iko ama haiko?"

"Iko. We tafuta tu."

Haikuwako katika pakiti yoyote. Wayua alikuwa ameliona fungu zima la namba hiyo likifungiwa kwenye droo ya msimamizi wao, Ephantus.

"Hizi zitatoka nikisema," Ephantus aliwaambia. "Na atakayefungua mdomo asirudi kesho."

Kazi nyingine Wayua hakuwa nayo, na Wanza alikuwa darasa la saba.

Wiki nzima alipitia njia ya nyuma asikutane na Jeconia. Ilikuwa bure. Ukuta wa mabati uliowatenganisha ulimletea kila sauti: pakiti ikichanwa, kimya, kisha pakiti nyingine. Jumamosi uvumilivu ukamwishia. Akaenda kwake, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Jeconia alilifunika boksi lake la kadi. "Kwa hivyo unajua ilipo. Ama ni Wanza ndiye atapanda hiyo baiskeli?"

"Jeconia, naapa."

"Juzi uliniambia iko. Leo haiko. Nikuamini siku gani?"

Wayua alirudi kwake. Jumatatu alikuwa mezani tena, akitia kadi, na kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni Jeconia amekuja kuulizia kadi na kumtaja yeye kuwa ndiye aliyetoa siri. Hakuja. Oktoba promosheni ikafungwa bila baiskeli kutoka. Jeconia aliendelea kushona viatu vya wapangaji wa ploti nzima. Vya Wayua na Wanza akavikataa, nao wakawa wanavipitisha mlangoni pake kuvipeleka kwa fundi mwingine, Silanga.