Mkebe Huu Ulitoka na Nini?

Ukungu haujaondoka Mushaki na ng'ombe wa kwanza ndio wanavuka barabara ya Sake, lakini nyundo ya Léontine Nyiraneza imeshaanza kugonga. Amekaa juu ya gunia pembeni mwa soko. Katikati ya magoti yake kuna kipande cha chuma cha gari bovu, na juu yake mkebe wa maziwa ya unga unageuka taratibu kuwa koroboi.

Mwanamume mmoja anasimama mbele yake na mikebe miwili mitupu. Fundi mwingine angeipokea na kushukuru. Léontine anaigeuza, anachungulia ndani, kisha anamtazama mwenyewe usoni.

“Papa, hizi zilitoka na nini?”

“Si mikebe tu, mama?”

“Mukebe haizaliwe mutupu. Ilitoka na nini?”

“Eh, mama! Unanunua mukebe ao unaposa binti? Utauliza na jina ya babu yake?”

Watu wanacheka. Hata Léontine anacheka, lakini mikebe bado ameishika.

“Moja ilikuwa ya samaki,” mwanamume anasema mwishowe. “Ya pili, sijue. Niliokota.”

“Ya samaki niachie. Ya kuokota urudi nayo.”

Sokoni wamempa jina: Mama Ilitoka-na-Nini. Wageni wanaopita hudhani ni mchezo wake wa kuvutia wateja. Si mchezo. Ukitaka kujua swali hilo lilianzia wapi, lazima usikie habari ya mkebe mmoja uliotembea masika yaliyopita.

Kazi hii Léontine alifundishwa na marehemu mume wake, Polycarpe, aliyekuwa akiziba matundu ya mabati ya kanisa. Alipofariki aliacha nyundo, mkasi wa bati na watoto wanne. Mkebe wa maziwa unatoa koroboi. Wa samaki, ambao ni mfupi, unatoa kipimo cha chumvi. Uliopata kutu unatobolewa kwa msumari na kuwa kikwaruzo cha mihogo. Mwenye kukosa fedha analeta bakuli la maharagwe na kuondoka na koroboi yake. Siku za mvua kubwa mama huyu hurudi nyumbani bila hata punje.

Na nani katika milima hii anatupa kitu? Maganda ya ndizi ni ya mbuzi. Majivu yanasugua sufuria. Gunia la unga likiisha unga linakuwa shati la mtoto. Ni jambo zuri, na mama zetu walitulea hivyo. Lakini mama mwenye mtoto anayetambaa, anayetia kila kitu mdomoni, na asikie yaliyobaki.

Masika yale, Nestor Sebarenzi, mchungaji katika shamba la mzungu mmoja, alimletea Léontine mkebe mkubwa wenye kifuniko. Ulikuwa mzuri kuliko yote aliyopata kuishika. Haukuwa na karatasi, unang'aa tu. Léontine aliusugua kwa majivu na mchanga, akautilia mpini wa waya, na jioni hiyohiyo Joséphine-Marie, jirani wa karibu na kanisa, akauchukua kwa furaha.

Haikupita miezi miwili, Nestor akarudi anahema.

“Mama Léontine, ule mukebe ya kifuniko uliufanyia nini?”

“Niliuzisha. Kwa nini?”

“Mwenzake ulibaki kwa zizi. Ndama aliulamba. Asubuhi tumemukuta amekufa, povu kwa mudomo. Patron, muzungu wetu, anasema ni dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Ni sumu, mama. Hata ukiosha.”

“Na karatasi yake? Haikukuwa na alama?”

Nestor akatazama chini. Karatasi ilikuwako. Aliibandua kwa uangalifu ili apate ya kusokotea tumbako.

“Ilikuwa na picha ya kichwa cha muntu, bila nyama, meno inje,” alisema. “Nilizania njo patron mwenye fabrike iliyoitengeneza.”

Léontine anasema hapo alitaka kucheka na kulia, na hakufanya lolote. Alifunga nguo kiunoni akashuka kwa Joséphine-Marie.

Mkebe haukuwako. Joséphine-Marie alikuwa ameujaza maharagwe na kuupeleka ng'ambo ya bonde kwa Mama Emérita Mukagasana, aliyeozesha binti. Hayo maharagwe yalikwisha kuliwa, na kwa bahati ya Mungu yalikuwa yamemiminwa siku ileile, yakaoshwa kwa maji mengi na kupikwa. Lakini mkebe ulibaki kule, maana kwetu chombo kilicholeta zawadi hakirudishwi kitupu. Ukipokea, unakaa nacho mpaka upate cha kutia ndani. Aliye na mali anakirudisha kesho. Aliye maskini anakaa nacho mwezi, na kila siku kinamtazama.

Emérita alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye maziwa machache. Alipomwona Léontine anapanda, fundi wa mkebe wenyewe, alijua moja kwa moja kwamba ametumwa kuudai.

“Karibu, dada. Habari ya Mushaki?”

“Nzuri. Mama Emérita, nimekuja juu ya ule mukebe ya Joséphine-Marie.”

“Mukebe gani?”

“Ile ya kifuniko.”

“Haiko hapa. Mutoto aliibeba kwa shamba.”

Alisema hivyo huku macho yakienda nyuma ya mlango, na Léontine aliona. Neno “sumu” lilimfika mdomoni. Akalimeza. Katika milima yetu ukitamka neno hilo katika ua wa mama mwingine, hujasema habari ya mkebe, umemtaja yeye. Kesho hakuna atakayekula kwake. Binti yake aliyeolewa juzi atarudishwa. Léontine alisimama pale akitafuta namna ya kusema jambo bila neno lake.

Mwisho akakaa chini, mbele ya mlango, kama mtu aliyekuja kuomba.

“Dada, sikutumwa. Nina haya yangu mwenyewe. Nilikosea kazi. Niliuzisha kitu sikujue kilitoka na nini. Kumbe ilikuwa ya dawa ya ng'ombe, na ndama wa kwa muzungu amekufa kwa kulamba ya namna ile. Si wewe, ni mukono yangu. Nisaidie, nisiue mutoto wa muntu.”

Emérita akaingia ndani akatoka na mkebe. Ulikuwa umejaa karibu na kifuniko: mafuta ya ng'ombe, ya rangi ya dhahabu, aliyoyakusanya kidogo kidogo kwa kutikisa kibuyu kila asubuhi, yeye na watoto wake wakinywa uji bila maziwa.

“Nilikuwa nangoja ijae,” alisema. “Jumapili ningeipeleka. Joséphine-Marie anaachisha mutoto ziwa, nikasema atamupikia na mafuta.”

“Mumeonja?”

“Tungeonja namna gani? Ni ya kurudisha.”

Léontine anasema mpaka leo hajui amshukuru nani kwa heshima ile. Haya ya maskini ndiyo iliyoyafanya mafuta ya mkebe ule yawe mwiko kuonjwa.

Ikabaki kuuharibu, na hapo ndipo wale wanawake wawili walipokuna kichwa. Kuutupa jalalani? Utaokotwa kabla ya jua kuzama. Kuutoboa? Mtu atafanya kikwaruzo. Kuuponda? Léontine mwenyewe amewahi kununua mikebe iliyopondwa akainyoosha. Kuuzika? Mwenye jembe ataufukua.

“Kwa choo,” Emérita alisema.

Wakaenda wote wawili, wakautumbukiza katika shimo la choo, mafuta na yote. Emérita aliusikia ukianguka, akafunika uso kwa kitambaa. Halafu akaanza kucheka. “Njo mara ya kwanza choo yangu inakula vizuri kunishinda miye!”

Kesho yake Léontine alirudi na mkebe mpya wa maziwa, wenye kifuniko, umejaa chumvi.

Tangu hapo Nestor habandui karatasi. Tumbako anasokota katika ganda kavu la mgomba. Léontine naye ameanza kupiga alama kwa msumari kwenye kila kazi inayotoka mkononi mwake: mchoro wa jani la maharagwe kwa chombo cha chakula, moto kwa cha mafuta ya taa. Anataka mafundi wa Mweso na wa Bweremana wapige alama zilezile. Amekwisha kuwatumia habari kupitia wachuuzi. Bado hawajajibu, lakini hajachoka.

Ila tumaini lake kubwa si alama, maana kutu inakula alama. “Ninapenda kila mama aulize,” anasema, “na anayeulizwa asikasirike. Njo ile tu. Aone ni kama kuulizwa habari ya asubuhi.”

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Emérita alimfikia Joséphine-Marie mbele ya kanisa na mkebe wenye jani la maharagwe, safari hii umejaa mafuta mpaka juu. Joséphine-Marie alipokea kwa mikono miwili, mtoto akiwa mgongoni. Akafungua kifuniko. Akasita. Watu walikuwa wanatazama.

“Dada,” akasema kwa sauti ndogo, “hii ilitoka na nini?”

Léontine, aliyekuwa nyuma yao, akasimama palepale.

Emérita akaweka mikono kiunoni.

“Maziwa ya batoto,” akajibu kwa sauti ya soko zima. “Kisha chumvi. Kisha jasho yangu. Uliza tena kama haujashiba!”

Mtoto akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akachovya kidole, akalamba. Hakuna aliyemzuia.