Siku ya Kuwinda Iliyouzwa Mara Mbili

Kanisani kwetu, hapa mjini Baraka, watu wakitoa sadaka ya mavuno, vitu hupigwa mnada palepale baada ya ibada: kuku, mikungu ya ndizi, mabeseni ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mwaka ule jirani yetu mwindaji, ambaye hakuwa amevuna kitu, alitoa siku moja ya kuwinda. Atakayeinunua angemwambia aende wapi na mbwa wake na nyavu zake, na nyama ingekuwa ya mnunuzi.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Shamba la mama yangu kule Lweba lilikuwa likiliwa na nguruwe pori. Walikuja walipotaka, wakafukua muhogo kwa pua, na walichoshindwa kula wakakikanyaga. Mama ni mjane, na shamba lile ndilo ugali wake wa mwaka mzima. Nikamwomba kaka yangu, mwuza samaki ambaye mkono wake haukosi kitu, ainunue ile siku kwa ajili ya mama. Akakubali. Mama mwenyewe akaja kutoka Lweba kushuhudia.

Niseme ukweli, siku ya kuwinda ilichangamsha mnada. Pesa zilikuwa za kuezeka chumba cha kujifungulia kwenye zahanati, na wakiuzwa kuku, wanaume wa pale hujifanya hawasikii. Safari hii walipandishiana bei mpaka mashemasi wakasimama kutazama. Kaka akashinda. Nikamshika mama mkono.

Sasa, kwetu kuna desturi inayonichosha: mtu akinunua kitu, anaweza kukirudisha mezani kiuzwe tena, ili Mungu apate mara mbili. Kwa kuku sina neno, maana mwishowe kuna mtu atamla. Lakini kaka yangu akisikia vigelegele, akili inahama.

"Narudishia Mungu," akasema, mikono juu. "Muuze tena."

Akina mama wakaimba. Mfanyabiashara mmoja wa Misisi, aliyekuwa amepita tu kusali, akainunua kabla sijafika mbele. Nikamvuta kaka kando.

"We uko na akili kweli? Na banguruwe ya mama?"

"Dada, usinipatishe haya mbele ya batu. Mungu atafanya njia."

Njia ilipatikana kweli, ya kwenda Kilembwe, mbali na shamba la mama. Mfanyabiashara alitaka nyama ya karamu yake, akampeleka mwindaji huko; yeye mwenyewe porini hakukanyaga. Nilimsihi mwindaji apitie Lweba. Akanijibu kwamba siku ile alishaitoa, si yake tena. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Chumba kikaezekwa. Mabati ni mazuri, wanawake wanajifungua bila kunyeshewa, nami nikipita pale nashukuru huku nimekunja uso.

Mama hakungoja nguruwe wamalize. Aling'oa muhogo uliobaki ungali mwembamba, na unga wake ukaisha mapema. Jumapili moja kaka akaja Lweba kula kwa mama, kama kawaida yake. Mama akamwekea sahani ya ndagala na maji ya kunawa. Kaka akanawa, akangoja, akaangalia jikoni.

"Mama, bugali iko wapi?"

"Ile ulishatolea Mungu, mutoto yangu," mama akasema, akakaa karibu naye. "Kula samaki."