Vidonge vya Sekhobe

Mathakane alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, juu kwenye milima ya Mokhotlong. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wagonjwa wa kifua kikuu wanameza dawa mbele ya macho yake, kila asubuhi, miezi sita. Hakuwahi kuchagua mgonjwa. Ila jina la Sekhobe lilipoletwa kutoka zahanati, alilisoma mara mbili, akaketi.

Sekhobe ndiye aliyemwibia Mathakane kondoo kumi na mmoja, akawaswaga usiku, mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alifungwa miaka minne. Na miaka yote hiyo, kila Alhamisi kwenye maombi ya akina mama, Mathakane alipiga magoti akamsihi Mungu aoneshe nguvu zake, amkaushe mkono yule mwizi. Sasa mwizi alikuwa amerudi mifupa mitupu, ndugu zake wamemkimbia.

Mwezi wa kwanza Mathakane alisimama mlangoni tu, blanketi kalifunga hadi kidevuni. Hakuingia wala hakusalimia.

"Meza. Fungua mdomo."

Akishaona, huyo, kaondoka.

Asubuhi moja ya theluji alimkuta amejikunja sakafuni, vidonge amevitapika.

"Umekula nini?"

"Jana?"

"Leo, we mwanamume! Dawa hizi hazitaki tumbo tupu."

Sekhobe akageukia ukuta. "Juzi nilikula."

Mathakane alitoka akabamiza mlango. Wagonjwa wengine walikuwa wakimngoja, na alijiambia ana kila haki ya kwenda zake. Lakini miguu ilimrudisha nyumbani kwake. Akachota uji mchachu wa mtama, akaubeba chini ya blanketi usipoe, machozi ya hasira yakimtoka njia nzima. Sekhobe alijaribu kula mwenyewe, kijiko kikamwaga uji. Basi Mathakane akaketi kando yake, kwa mara ya kwanza, akamlisha.

"Mama," Sekhobe akasema, "wale kondoo..."

"Meza kwanza. Ya kondoo utasema ukipata pumzi."

Habari zilimtangulia kisimani. Puseletso, mwenzake wa kanisani, akamdaka hata ndoo hajaitua.

"Ati unamlisha mwizi wako kama kifaranga? Na yale maombi ya mkono kukauka?"

"Mungu aliyasikia. Kaonesha nguvu kweli, ila kazionesha kwangu mimi. Nimeshindana naye toka nyumbani hadi kwa Sekhobe, na chungu cha uji mkononi. Kanishinda, dada."

Puseletso alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Kesho yake alitua mzigo wa kuni mlangoni kwa Sekhobe, akaondoka bila kupiga hodi.

Pumzi ilipatikana mwezi wa tatu. Sekhobe alisema kondoo aliwauza ng'ambo ya mpaka, fedha zote akazinywea pombe, hana cha kujitetea.

"Iliniuma," Mathakane akasema. "Hata leo inauma. Lakini sikuwekei kinyongo tena, mwanangu."

Miezi sita ilipotimia, Sekhobe alikuwa mzima, akapata kibarua cha kuchonga mawe ya kujengea. Wapo waliozidi kufunga mazizi yao kwa minyororo kila alipopita, na Mathakane hakuwalaumu. Jumapili Sekhobe aliketi benchi la nyuma kanisani. Hakuwa na kitabu cha nyimbo, basi Mathakane akasogea, wakasoma kimoja.