Funga Moja ya Mhudumu wa Behewa

"Haya si maji ya kufulia soksi," mjomba wangu Yakoub alikuwa akimwambia abiria wa daraja la pili. "Nimeyachota nyumbani Makorora, nimeyafukiza ubani, nimeyabeba mpaka stesheni. Wewe unayatia miguuni."

"Bomba la behewa limekauka, mzee. Nimekata tiketi ya kitanda. Ninawe kwa mate?"

Abiria huyo alikuwa mwalimu Eliudi, Mpare wa Same. Ugomvi uliishia hapo, kila mmoja akanuna upande wake.

Mjomba alikuwa mhudumu wa behewa la kulala, treni ya usiku ya kwenda Moshi. Aliajiriwa kugawa shuka na mablanketi. Maji hakutumwa na mtu. Lakini ilikuwa miaka ya foleni za sukari. Chai ya behewa la chakula ilikuwa kavu, na soda huipati mpaka uje na chupa tupu. Basi yeye alipanda na madumu yake mawili, na watu wakishapanda vitandani anapita na birika chumba kwa chumba. Mpaka leo nikisikia ubani namwona, kofia ya kazi imempwaya, anabisha hodi kwanza.

Kasoro yake ilikuwa mdomo. Na mimi nimeurithi, msinitazame. Mwezi wa Ramadhani, wenzake wa relini walikula safarini, kwa kuwa msafiri ana ruhusa, atalipa baadaye. Mjomba aliwasimanga barazani: "Safari ya kulala kitandani na shuka nyeupe nayo ni safari?" Watu wakacheka, naye akafunga.

Safari ile ya soksi ilikuwa ya Ramadhani. Alfajiri injini ikafa nyikani, mbele ya Mkomazi, wakakaa hapo kutwa. Maji aliwapa watoto, kisha wajawazito, kisha wazee. Alasiri dumu la mwisho likakauka, na mwenyewe akaanguka kwenye ngazi za behewa. Aliyemwinua ni Eliudi, mkononi ana bilauri imejaa.

"Kunywa, mzee. Ni yako. Nilikuibia jana ulipopitiwa na usingizi."

Mjomba akanywa. Aliniambia hajapata kunywa maji matamu kama yale, wala machungu.

Dini haikumwekea uzito: siku moja kwa siku moja. Uzito ulikuwa lile baraza, na mkaza mjomba, Bi Suhaila. Wote walijua kafunga thelathini kamili. Na jaribu wewe kuficha funga kwa mwanamke anayekuhesabia matonge. Mwaka ukapita, na mwingine. Biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa, kila abiria akaja na chupa yake ya plastiki kaikumbatia kama hirizi. Birika la mjomba likawa kichekesho. Kisha watu wakahamia mabasi, treni ikasimama, naye akapunguzwa kazi.

Asubuhi moja, nami nipo, Bi Suhaila akamtilia chai, akamwekea mihogo.

"Sili leo," mjomba akasema.

"Unaumwa?"

"Nalipa."

"Unamlipa nani? Hela umezitoa wapi wewe?"

"Nalipa funga. Ya mwaka ule treni ilipokwama Mkomazi."

Akamweleza yote, na soksi zikiwamo. Nilisubiri maneno, hata kigoda nikakisogeza.

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwacheka kina Jumbe wa relini," mkaza mjomba akasema. "Basi kuna na vibaba vya kuchelewesha, kimoja kwa kila mwaka. Kesho tutapima mchele, tumpelekee Chiku na yatima wake."

Akaiondoa chai. Mihogo akanisukumia mimi.

Kutwa ile hakumsema tena, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Adhana ya magharibi ilipoanza, alikuwa keshamwekea tende na kikombe cha maji, naye kaketi kando yake mkekani. Mjomba akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

"Nikuongeze?" Bi Suhaila akamuuliza.