Machozi ya Vedat na Paka wa Bi Saadet

Kazi ya Vedat ni kuwatoa watu waliokwama kwenye lifti. Akifika kwenye jengo husimama mbele ya mlango uliogoma, akasema kwa sauti ya taratibu, "Hewa ipo ya kutosha, msiogope," kisha ndipo anapofungua mkoba wake wa vifaa. Nusu ya mtaa wa Üsküdar imewahi kuisikia sauti hiyo ikitokea upande wa pili wa chuma. Jioni hurudi nyumbani kwa mama mkwe wake, ghorofa ya nne, ambako hewa haitoshi.

Mwanamume kuhamia ukweni si kosa la jinai hapa Istanbul, ila hukumu yake hutolewa kila siku. Kinyozi wa chini ya jengo humwita "mkwe wa ndani" na kumuuliza kama leo ameruhusiwa kutoka, na Vedat hucheka, kwa sababu asipocheka itakuwa mbaya zaidi. Bi Saadet, mama mkwe, ni mjane, Feride mke wa Vedat ni mtoto wake wa pekee, na nyumba ni kubwa. Masharti hayo yalielezwa wazi tangu mwanzo. Ambaye hakutajwa ni Duman, paka wa kijivu mwenye uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Jina lake maana yake ni moshi, na hakuna chumba asichoingia.

Siku ya posa Vedat aliketi katikati ya wajomba zake, suti mpya imemkaba shingo. Feride akaleta kahawa. Ya mposaji hutiwa chumvi badala ya sukari, naye hutakiwa kuinywa yote bila kukunja uso, ili ijulikane kama ndoa ataiweza. Mposaji wa kabla yake aliinywa vizuri sana, kisha akauliza hati ya nyumba imeandikwa jina la nani. Vedat hakuuliza kitu. Alikuwa ndiyo kwanza amenyanyua kikombe, Duman akamrukia mapajani.

Tangu utotoni Vedat alijua paka humfanya nini. Lakini katika mtaa ule, mtu anayemsukuma paka hutazamwa kama mtu aliyekanyaga mkate. Tena paka yule, tangu kufiwa na bwana wa nyumba, hakuwa amekaa kwa mwanamume yeyote. Wanawake waliokuwa wakichungulia kutoka ukumbini waligusana viwiko. Vedat akamshika paka mgongo, akanywa chumvi, akatulia kama jiwe. Mjomba wake mkubwa alipofika kwenye maneno yenyewe ya kuposa, kwa amri ya Mungu na neno la Mtume, machozi yalikuwa yanamchuruzika mposaji mpaka kidevuni.

"Mwanamume anayemlilia binti yangu hivi," alisema Bi Saadet, "huyo simnyimi."

Kila nyumba ina hadithi ya kuanzishwa kwake, na ya nyumba ile ni hiyo. Imesimuliwa kwenye harusi, kwenye tohara, na kwa fundi bomba aliyekuja mara moja tu. Feride haisimulii. Yeye huisikiliza, na wakati wa kuisikiliza uso wake huwa wa msichana wa siku ile.

Vedat alianza kwa kusingizia mafua, baadaye vumbi la mashimo ya lifti. Bi Saadet, ambaye wema wake hauna mlango wa kutokea, aliamua kuwa ni upepo unaopita kati ya madirisha mawili. Kwa hiyo akipiga chafya moja, dirisha moja hufungwa. Akipiga ya pili, la pili. Humchemshia chai ya maua, na alimfumia fulana ya sufu, ambayo Duman aliilalia muda wote wa kufumwa. Vedat huivaa.

Mwaka huu kifua kilianza kulia kama mlango mbovu, akaenda kwa daktari bila kuaga. Daktari, msichana mdogo mwenye haraka, alimwambia achague, paka au pumzi, na kwamba mapafu hayajui adabu za ukweni. Vedat aliyafanyia mazoezi maneno yake ndani ya lifti tupu, wiki nzima, akipanda na kushuka nayo.

Jumapili, mezani, kati ya zeituni na mayai, akayatoa.

"Mama, mimi nina aleji ya paka."

Bi Saadet aliweka bilauri yake ya chai chini. Laiti angekasirika, Vedat alikuwa amejiandaa. Badala yake alishika shavu, akasema Duman ataondoka leo hii kwenda kwa binamu yake Bursa, pumzi ya mwanawe kwanza, na kwa nini ameteseka kimya hivyo kama mgeni.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu utotoni," akasema Vedat. Mlango umefunguka, na aliyezoea kuwafungulia wengine hakutazama anakanyaga wapi.

Feride alikuwa anamimina chai. Akaacha.

"Siku ile ulikuwa umempakata," alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza siku ipi. Bi Saadet akaanza kupanga vipande vya jibini ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Yale machozi, Vedat. Yalikuwa ya paka?"

Akamtazama mkewe. Ule uso wa msichana ulikuwa bado upo, ila ulikuwa unasubiri.

"Ya paka wapi," alisema. "Yalikuwa yako. Hayo ya utotoni anasema daktari, mimi nakariri tu. Kasichana kadogo kale, kila anayekohoa kwake ana aleji."

"Si nilisema?" Bi Saadet alikwisha kusimama. "Hawa wa siku hizi hawaujui upepo." Akafunga dirisha la jikoni, akaenda kufunga na la sebuleni.

Duman, ambaye safari ya Bursa ilikuwa imemkosa kidogo tu, alipanda mapajani kwa Vedat na kujikunja. Haikuchukua muda. Feride aliyaona machozi yakishuka, akaweka birika chini, akamshika mkono juu ya meza mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mtazame," Bi Saadet alisema kutoka dirishani. "Mpaka leo."